Kompyuta ya studio ya picha: Fedha ianzie kwenye kioo

Na Mwandishi Wetu

*Wengi wa wapiga picha za watu huchagua kompyuta kwa kusoma stika ya prosesa. Kazi yao, ambayo ni sura na ngozi ya mteja, inadai mpangilio mwingine kabisa wa matumizi ya fedha.*

Bibi harusi anachomoa picha kwenye bahasha, anaisogeza mlangoni penye mwanga, kisha anamwita dada yake waitazame pamoja. Jumamosi, alipoonyeshwa picha hiyohiyo kwenye kompyuta ya studio, aliipenda mpaka akaomba isafishwe kwa saizi kubwa ya kuweka ukutani. Leo, kwenye karatasi, upande mmoja wa uso umeingia giza, nywele zimeungana na pazia la nyuma, na shingoni ngozi ina ukijani ambao hakuna aliyeuona siku ile.

Mpiga picha anafungua faili upya. Kwenye kioo chake picha bado ni nzuri. Anapiga simu maabara. Huko wanajibu kwamba mashine haina tatizo na kazi za wateja wengine zimetoka salama. Kila mmoja anasema kweli kwa kadiri anavyoona. Kilichowadanganya wote ni kioo cha laptopu iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwa na stika ya Core i7 na bei yake ilivutia.

Ni kisa cha kila msimu wa harusi, na anayelipa ni mpiga picha. Anasafisha upya kwa fedha yake, anabadilisha fremu, anaomba radhi. Mteja akiondoka na kinyongo, mdogo wake atakapofanyiwa send-off mwaka ujao, kazi itakwenda studio nyingine.

Hapo ndipo wengi huanza kuulizia kompyuta mpya. Kwa bahati mbaya, swali la kwanza linaloulizwa dukani ni lilelile lililoleta matatizo: ina prosesa gani?

Kutoka chumba cha giza

Kurekebisha sura ya mteja si jambo lililokuja na kompyuta. Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ndefu ya studio za picha za watu. A. C. Gomes alikuwa akipiga picha Zanzibar tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na mwanawe Rohit akaiendeleza baada yake. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942 na akajulikana kwa picha za nyeusi na nyeupe.

Enzi hizo fundi alikaa na negativu juu ya meza yenye mwanga, penseli iliyochongwa mkononi, akipunguza makunyanzi chini ya macho na kuziba makovu ya ndui. Ubora wa taa ya meza ile ulikuwa na uzito sawa na ubora wa mkono wake.

Photoshop ilitoka Februari 1990, ikihudumia kompyuta za Macintosh pekee mwanzoni. Taratibu meza, penseli, brashi na chumba cha giza vyote vikahamia ndani ya mashine moja. Ndiyo maana kompyuta ya mpiga picha haifai kununuliwa kwa vigezo vya kompyuta ya karani au ya mwanafunzi wa chuo. Ni maabara nzima, na kioo chake kimechukua nafasi ya taa ile ya meza.

Ngozi, kivuli na kioo

Ngozi nyeusi hubeba habari nyingi katika maeneo ya kivuli: mpito kutoka shavu kwenda taya, mng'ao wa paji la uso, tofauti ndogo kati ya wekundu na unjano wa ngozi. Maeneo hayo ndiyo ambayo vioo vya bei nafuu hushindwa kuyaonyesha.

Sababu zake zinaeleweka. Vioo vingi vya laptopu za bei ya chini vinatumia biti 6 kwa kila rangi, yaani ngazi 64 tu za wekundu, ukijani na ubuluu, halafu vinachezesha nukta kwa kasi ili macho yadhani kuna ngazi 256. Kwenye ukuta mweupe huoni tofauti. Kwenye shavu lenye kivuli laini unaona michirizi, au unaona weusi mtupu.

Kuna pia suala la upana wa rangi. Kiwango kiitwacho sRGB, kilichowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ndicho maabara nyingi za kusafisha picha hutegemea. Laptopu nyingi za kawaida zimeandikwa kwenye karatasi ya sifa "45% NTSC". Maneno hayo hupita bila kusomwa, lakini maana yake ni kwamba kioo hicho kinaonyesha asilimia 60 na kidogo tu ya rangi za sRGB. Wekundu wa kitenge na wa midomo hufifia, na mhariri, kwa nia njema, anauongeza. Ukifika kwenye karatasi umepitiliza.

Halafu kuna mwanga. Kioo kipya kikitoka dukani mara nyingi huwa kimewashwa kwa ukali wa kuvutia wanunuzi, kandela 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kwa kazi ya kusafisha picha, mwanga unaopendekezwa ni kati ya kandela 80 na 120. Anayehariri kwenye kioo kikali huona picha imeng'aa kupita kiasi, anaipunguza, na maabara inamrudishia giza. Picha nyingi "zilizoungua" hazikuungulia maabara.

> Kioo chenye alama ya "45% NTSC" kinaonyesha asilimia 60 na kidogo tu ya rangi za sRGB ambazo maabara hutegemea.

Historia ina la kusema hapa. Kuanzia miaka ya 1950 maabara zilizotumia filamu na karatasi za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyokuja kuitwa "Shirley". Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha usahihi, na wenye ngozi nyeusi walitoka walivyotoka. Filamu ziliboreshwa baadaye, na kamera za leo zinanasa kivuli cha ngozi nyeusi kwa undani ambao fundi wa mwaka 1960 asingeuota. Inauma kuona undani huo ukinaswa na kamera ya mamilioni, kisha ukapotea kwenye kioo cha bei poa ambako hakuna wa kuuona wala kuulinda.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Wanasema wateja wa siku hizi hupokea picha kwa WhatsApp na kuzitazama kwenye simu, sasa kioo ghali ni cha kazi gani? Ni kweli kwamba picha nyingi haziguswi na karatasi. Lakini simu za wateja hazifanani. Moja inakoleza rangi, nyingine ina kioo kilichopasuka na mwanga uko chini. Picha iliyosawazishwa katikati huonekana vizuri kwenye simu nyingi, na ile iliyohaririwa kwenye kioo kilichopotoka huwa imepotoka kila inakokwenda. Tena kazi zenye faida nono, kama fremu za ukutani, albamu na picha kubwa za familia, bado ni za karatasi.

Kwa hiyo kioo chenye paneli ya IPS kinachofikia asilimia 100 ya sRGB ndicho kinachostahili kuchukua sehemu ya kwanza ya bajeti. Kwa studio yenye meza, familia za ASUS ProArt na Dell UltraSharp zina vioo vya inchi 24 na 27 vinavyokidhi hilo bila kufika bei za wachapishaji wakubwa. Kifaa cha kupimia rangi, kama Spyder ya Datacolor au vile vya Calibrite, ni kidogo kiasi cha kushikika kiganjani, na hutumika dakika chache mara moja kwa mwezi. Hakuna sababu kila studio inunue chake. Wapiga picha watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia kimoja na kukizungusha.

Hesabu ya uso mmoja

Baada ya kioo inafuata RAM, na hapa hesabu haihitaji mtaalamu.

Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha yenye nukta milioni 24. Photoshop ikiifungua katika biti 16, kila nukta inabeba rangi tatu na kila rangi baiti mbili, jumla baiti 6. Zidisha: MB 144 kwa leya moja.

Sasa mtazame mhariri makini akifanya kazi kwenye uso wa bibi harusi. Kwanza anatoa kopi ya picha ili asiharibu ya asili. Kisha anatenganisha ngozi katika leya mbili. Ya kwanza ameitia ukungu, imebaki rangi na kivuli pekee. Ya pili imebeba vitundu vya ngozi, vinyweleo na mistari. Hapo anaweza kusawazisha weusi chini ya macho bila kuifanya ngozi ionekane kama plastiki. Juu yake anaongeza leya ya kuondoa chunusi, nyingine ya kung'arisha mboni, nyingine ya kuongeza na kupunguza mwanga kwenye pua na mashavu. Faili limekaribia GB 1, na bado hatujahesabu hatua zote ambazo programu inazitunza ili aweze kurudi nyuma akikosea. Kwa kamera ya megapikseli 45, kila leya ni MB 270.

RAM ikijaa, Photoshop huanza kuandika kwenye diski. Kompyuta inasuasua, mshale unazunguka, na kwenye mashine dhaifu kila kitu kinaganda. Adobe wenyewe wanataja GB 8 kuwa kima cha chini na wanapendekeza GB 16. Kwa mpiga picha anayeishi kwa kazi hii, GB 16 ichukuliwe kuwa pa kuanzia. Mwenye kamera ya megapikseli 45, au anayefungua Lightroom na Photoshop kwa pamoja siku nzima, alenge 32.

> Leya moja ya picha ya megapikseli 24 katika biti 16 ni MB 144. Uso uliohaririwa kwa makini hukaribia GB 1.

Zamani ushauri wa mafundi ulikuwa: nunua yenye 8, utaongeza ukipata hela. Ushauri huo umepungua nguvu. Tangu nusu ya pili ya 2025 bei za RAM na SSD zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron, mmoja wa watengenezaji watatu wakubwa wa memori, ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia wateja wa kawaida RAM na SSD. Isitoshe, laptopu nyingi nyembamba za sasa zina RAM iliyogandishwa kwenye bodi. Uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo.

Stika ya i7

Turudi dukani. Kariakoo jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Luthuli Avenue jijini Nairobi, maduka yamejaa kompyuta zilizotumika ofisini Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex na Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Kule Nairobi mashine hizo huitwa "ex-UK". Nyingi ni mashine imara kuliko laptopu mpya za boksi za bei ileile, na studio nyingi nzuri zimejengwa juu yake. Kuzidharau ni kosa.

Kosa kubwa zaidi ni kuzinunua kwa kusoma "i7" peke yake. Core i7-4790 ni ya mwaka 2014. Core i3-12100 ni ya mwaka 2022. Zote mbili zina koa nne na nyuzi nane, na hiyo i3 inaiacha i7 mbali sana kwa kasi. Kwa mfululizo huo wa Intel, namba inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi: 4790 ni kizazi cha nne, 8700 cha nane, 12400 cha kumi na mbili. Muuzaji akisema "hii ni i7" bila kutaja namba nzima, hajasema kitu.

Kizazi hicho kina uzito wa ziada sasa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Mashine za kizazi cha nne hadi cha saba bado zimepangwa madukani, bei zimeshuka, na wanunuzi wanavutika. Zipo njia za mkato za kulazimisha Windows 11 iingie, lakini Microsoft haitoi dhamana ya masasisho kwa mashine hizo. Kwa mtu anayetunza picha za watoto wa watu na kupokea malipo kwa kompyuta hiyohiyo, njia ya mkato haifai.

Mac au Windows?

Ubishi huu ni wa zamani na una mashabiki wake, kama Simba na Yanga. Tangu Novemba 2020, Apple ilipotoa kompyuta za kwanza zenye chipu ya M1, upande wa Mac umepata hoja mpya zenye mashiko.

Chukua Mac mini yenye chipu ya M4. Ilipozinduliwa mwishoni mwa 2024, bei yake Marekani ilikuwa dola 599, ikiwa na RAM ya GB 16 na hifadhi ya GB 256. Ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula takriban wati 65. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya grafiki inaweza kuvuta wati mia kadhaa ikizidiwa na kazi. Kwa mwenye studio anayejaza LUKU kwa fedha yake, na anayejua umeme unavyoweza kukatika mchana wa Jumamosi wateja wamejaa kwenye benchi, tofauti hiyo ni kubwa. UPS ndogo inaishikilia Mac mini kwa muda mrefu wa kutosha kumalizia kazi iliyo mezani.

Lakini Mac mini inakuja bila kioo, bila kibodi, bila mausi. RAM yake haiongezeki. Wakati wa uzinduzi, kutoka GB 256 kwenda 512 kuliongeza dola 200, na kutoka RAM ya 16 kwenda 24 dola 200 nyingine. Ikiharibika bodi, mafundi wenye uwezo wa kuigusa ni wachache, na Apple haina duka lake lenyewe Tanzania wala Kenya.

Upande wa Windows unajivunia kufunguka. Kompyuta ya kitaalamu kama Dell Precision au HP Z iliyotumika, ikiwa ni ya kizazi cha nane au zaidi, inakubali RAM nyingine, SSD ya pili, kadi ya grafiki, hata pawasapulai mpya, na kila mtaa una fundi anayeijua. Kwa studio isiyohama, makala haya yanaegemea huko: mashine iliyotumika inayofunguka, kisha fedha iliyookolewa iende kwenye kioo kipya.

Kwa anayezunguka na kazi, hesabu inageuka. Anayepiga picha za familia nyumbani kwao na kuunganisha kamera kwa kebo ili mteja aone papo hapo, kioo chake ni kilekile cha laptopu. Vioo vya MacBook hutoka kiwandani vikiwa sahihi kuliko vya laptopu nyingi za bei yake, na tangu Oktoba 2024 hata MacBook Air ya chini kabisa huuzwa na RAM ya GB 16. Akinunua iliyotumika, tahadhari ni moja: iwashwe upya mbele yake mpaka mwisho. Ikidai akaunti ya mmiliki wa zamani, au ikionyesha kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, airudishe mezani hapohapo.

Kadi ya grafiki: kwa nani?

Aprili 2023 Adobe iliingiza kwenye Lightroom uwezo wa kuondoa chenga kwa kutumia akili mnemba. Kazi hiyo hufanywa na kadi ya grafiki. Kompyuta yenye kadi nzuri humaliza picha moja kwa sekunde kadhaa. Isiyo nayo huchukua dakika kadhaa.

Anayepiga picha za studio kwa taa zake, ISO 100, hana chenga za kuondoa, na Photoshop kwa kazi ya uso haidai kadi kubwa. Anayepiga sherehe ukumbini usiku kwa ISO 6400, akarudi na picha mia tano za kusafisha chenga, ndiye anayeihitaji. Wauzaji hupenda kumuuzia wa kwanza kompyuta ya wacheza gemu yenye taa za rangi. Fedha yake ingefanya kazi bora kwenye diski.

Picha zikipotea

Faili moja la RAW la kamera ya megapikseli 24 ni takriban MB 30. Kikao cha picha 200 ni GB 6. Harusi ya picha 1,500 ni GB 45, na harusi arobaini kwa mwaka ni TB 1.8. Mwenye kompyuta ya GB 256 ataanza kufuta kazi za zamani kabla mwaka haujafika nusu, na siku mteja aliyefiwa na baba yake atakapokuja kuomba picha ile ya familia, haitakuwepo.

Hili ni zito kuliko kasi ya mashine. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, katika kitabu chake kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali, alieneza kanuni ambayo wataalamu wa kompyuta duniani wanaitumia mpaka leo: kopi tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali na jengo. Kwa studio ya kawaida maana yake ni SSD ndani ya kompyuta kwa kazi za wiki hii, diski ngumu ya nje ya TB 4 kwa kumbukumbu, na diski ngumu nyingine inayolala nyumbani. Diski ngumu za kuzunguka ni za polepole, takriban MB 150 kwa sekunde dhidi ya maelfu ya SSD za NVMe, ila kwa kutunza bado ndizo nafuu zaidi kwa kila TB. Bajeti ya kompyuta isiyo na diski hizo mbili haijakamilika.

Kisomea kadi nacho kisisahaulike. Kadi ya GB 64 iliyojaa, kwenye kisomea cha USB 2.0, inakula zaidi ya nusu saa kuhamisha. Kwenye cha USB 3.0, kadi ya kawaida yenye kasi ya MB 90 kwa sekunde inamaliza kwa kama dakika 12. Ni kifaa kidogo chenye bei ndogo, na hakuna kinachookoa muda mwingi hivyo kwa fedha hiyo.

Kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa mpiga picha, hatari iliyo karibu zaidi ni kompyuta ya zamani anayoiuza ili aongezee mpya. Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakuondoi picha kwenye diski. Mtu mwenye programu ya bure anaweza kuzirudisha. SSD ya zamani itolewe na kubaki studio, au ifutwe kwa programu yake maalumu. Na mashine mpya iwekewe usimbaji siku ya kwanza, BitLocker kwa Windows Pro na FileVault kwa Mac, ili laptopu ikiibwa kwenye daladala mwizi asipate maharusi wa watu.

Gharama ya kila mwezi

Wengi hupigia hesabu mashine na kusahau programu. Tangu Januari 2025 wateja wapya wa Adobe hawapati tena kifurushi cha picha cha dola 9.99 chenye GB 20. Kilichobaki kwa Photoshop na Lightroom pamoja kinaanzia dola 19.99 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni takriban dola 720, zaidi ya bei ya Mac mini iliyotajwa hapo juu.

Hapo ndipo wengi huangukia programu zilizovunjwa, zinazotembea kwenye flashi kutoka studio hadi studio. Virusi vingi vinavyofunga faili na kudai fidia huingia kwa mlango huo, na kwa studio faili hizo ndizo biashara yenyewe. Leo zipo njia halali zisizo na gharama. Affinity, baada ya kununuliwa na Canva mwaka 2024, ilifanywa kuwa ya bure Oktoba 2025. Darktable inafungua RAW bure, na GIMP ilitoa toleo lake la 3.0 Machi 2025. Kuzizoea kunachukua wiki kadhaa za kuchanganyikiwa, na hilo lisifichwe. Kwa kijana anayeanza na mtaji mdogo, wiki hizo zina faida kuliko deni la kila mwezi.

Mezani kwa muuzaji

Siku ya kununua, mpiga picha aende na flashi yenye vitu vitatu: RAW zake mbili za mteja mwenye ngozi nyeusi aliyepigwa kwenye kivuli, faili moja la Photoshop lenye leya nyingi, na picha ya kipimo yenye ngazi za kijivu kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu. Aende pia na karatasi iliyosafishwa vizuri ya mmoja wa wateja hao.

Aombe mwanga wa kioo upunguzwe hadi karatasi na kioo vifanane kwa ukali. Afungue ngazi za kijivu na ahesabu weusi anaoutenganisha. Ngazi za mwanzo zikiungana kuwa doa moja, kioo hicho kitamficha kivuli cha shavu. Ainamishe kioo mbele na nyuma. Uso ukibadilika rangi kwa kila inamo, asiendelee, hata kama prosesa ni ya juu kuliko zote dukani.

Baada ya hapo afungue faili la leya nyingi na azungumze na muuzaji huku likifunguka, apake brashi kubwa, aone kama mshale unamfuata. Kama mashine imetumika, aendeshe CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi ileile: inasoma afya ya diski na saa ilizowashwa. Kwa laptopu, aangalie idadi ya mizunguko ya betri. Asikilize feni baada ya dakika kumi za kazi, kwa sababu mashine iliyojaa vumbi ndani hupata joto, na ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe.

Mwisho, risiti. Ya EFD, yenye jina la studio, na namba kamili ya mashine iliyoandikwa nyuma ya kava, pamoja na kiasi cha RAM, ukubwa wa SSD na miezi ya waranti. Risiti iliyoandikwa "laptop 1" haimsaidii mteja atakaporudi wiki ya tatu na kioo chenye mstari.